KUCHOKA SI UVIVU: WATU WA LABORATWARI YA HARVARD

(Somo la bioloji na michezo. Limeandikwa na kapita wa wanafunzi pamoja na wenzake wa darasa la sita.)



Tangu mazoezi ya mashindano yalipoanza, wanafunzi watatu wameanguka kwenye kiwanja. Wote munajua. Wa mwisho alianguka saa nane ya mchana, jua kali, miguu ikakazana kama kamba, tukamubeba mpaka dispensari. Jioni kwa internati tulisikia maneno ya kila namna. Wengine walisema ni uvivu. Wengine walisema amelogwa na watu wa masomo ile tutacheza nayo. Na wengi zaidi walisema: «Anapenda maji sana huyu. Mutu wa mupira hakunywi maji mbele ya kumaliza, analegea.» Lakini sisi wenye zamu ya kisima tunajua kama siku ile hakuna mutu aliyekunywa kitu tangu asubuhi, kwani bido zilikuwa tupu.

Kamati ya wanafunzi ilituomba tuandike somo juu ya jambo hili. Tulikaa na mwalimu wa bioloji jioni mbili. Akatuambia: mbele ya kubishana juu ya kuchoka, jifunzeni kwanza habari za watu walioanza kukupima. Ndiyo tunayoandika hapa.

Toka mwaka 1927 mpaka 1947, kule Boston katika Marekani, kulikuwa nyumba moja ya kazi yenye jina la kushangaza: Laboratwari ya Kuchoka ya Harvard. Ndiyo, ya kuchoka. Haikuwa hopitali. Ilikuwa chini kabisa ya jengo moja, Morgan Hall, tena jengo la masomo ya biashara, si la masomo ya uganga. Sababu wenye kufundisha biashara na kazi za viwanda walitaka kujua kwa nini mutu wa kiwanda anachoka, na namna gani kazi inaweza kupangwa ili asiharibike. Fedha nyingi zilitoka kwa Rockefeller Foundation.

Mukubwa aliyeifungua ni Lawrence J. Henderson, mutu wa kemia ya damu. Wazo lake lilikuwa hili: mwili ni kama mizani yenye sahani nyingi. Moyo, mapafu, damu, jasho, figo, vyote vinasukumana na kusaidiana. Ukitazama kimoja tu hutafahamu kitu. Pamoja naye alikuwa Arlie Bock, munganga, na mwenye kuendesha kazi ya kila siku alikuwa David Bruce Dill, aliyezaliwa mwaka 1891. Dill hakuwa munganga. Alikuwa mutu wa kemia aliyepata doktora kule Stanford mwaka 1925. Wengine walitoka inje ya Marekani: Rodolfo Margaria toka Italia, Erik Hohwü Christensen toka Danemark, Lucien Brouha toka Ubelgiji. Kwa hiyo haikuwa kazi ya akili ya mutu mumoja.

Desturi moja ya laboratwari ile inatupendeza sana, nayo ni hii: wenye kupima walijipima wenyewe kwanza. Walikuwa na ukanda mpana wenye kuzungushwa na motere, mutu anakimbia juu yake lakini anabaki pahali pamoja. Profesa naye alivua koti, akapanda, akakimbia mpaka pumzi inaisha, wakamutoboa mushipa na kutwaa damu. Nani katika wakubwa wetu wa kazi ya mikono anajaribu jembe yeye mwenyewe saa sita ya mchana, kiisha anasema sisi ni wavivu? (Tunauliza tu, kwa heshima.)

Sasa, walivumbua nini? Jibu lao la kwanza ni kwamba kuchoka si kitu kimoja. Mutu aliyekimbia mita 400 kwa nguvu zote amechoka, na mutu aliyelima toka asubuhi amechoka, lakini ndani ya mwili yao mambo ni tofauti. Katika mbio ya nguvu, misuli inahitaji oksijeni kuliko ile moyo inaweza kuleta, na asidi laktiki inaongezeka katika damu. Mwaka 1933 Margaria, Edwards na Dill waliandika juu ya deni hili la oksijeni, yaani ile pumzi ya haraka unayoendelea kuvuta hata kama umesimama. (Zamani wengi walifikiri asidi ile ni sumu tu. Leo tunajua kwamba moyo na misuli vinaitumia tena kama chakula. Na maumivu ya miguu ya siku ya pili hayatoki kwake.) Katika kazi ndefu, shida ni ingine: sukari inapunguka. Walikuwa na imbwa mwenye kukimbia juu ya ukanda ule. Bila chakula alichoka, na walipomupa sukari njiani alikimbia saa nyingi zaidi. Wale wenu wenye kukuja kwa mazoezi bila kula kitu asubuhi, mufikiri imbwa yule.

Katika watu waliopimwa kule, mumoja tunataka mumujue vizuri: Clarence DeMar. Alikuwa mutu wa kupiga chapa, fundi wa mashini za vitabu, na tena mwalimu wa masomo ya siku ya Mungu katika kanisa. Alishinda mbio ndefu ya Boston mara saba, ya kwanza 1911, ya mwisho 1930 akiwa na miaka zaidi ya 40. Lakini katika ujana wake waganga walisikiliza moyo wake wakamwambia una sauti mbaya, aache kukimbia. Kwa laboratwari ya Harvard walimukimbiza juu ya ukanda mwendo ule ule wa watu wengine. Wengine, asidi laktiki yao ilipanda. Yeye, ilipanda kidogo sana. Moyo wake ulikuwa unaleta oksijeni ya kutosha. Alipokufa mwaka 1958, kwa ugonjwa wa kansa, waganga walifungua wakaona mishipa yenye kulisha moyo ilikuwa mipana mara mbili ao tatu kupita ya watu wengine. Kumbe moyo waliouogopa ulikuwa moyo wenye nguvu.

Tusikose kufahamu hapa. Hatusemi kama mutu asisikilize munganga. Tunasema kwamba sikio peke yake halikutosha, ilihitaji kupima.

Sasa tufike kwa jambo la maji, ndilo lilitufanya tuandike.

Mwaka 1931, katika jangwa la Nevada, walianza kujenga baraji kubwa juu ya muto Colorado, ile inayoitwa leo Hoover Dam. Ilikuwa wakati wa njaa ya kazi katika Marekani, watu walikuja toka pande zote, hata wenye hawakuzoea joto. Wakati wa joto wa mwaka ule ule, zaidi ya wafanyakazi kumi walikufa kwa joto. Si kwa jiwe, si kwa baruti: kwa joto. Mwaka uliofuata, 1932, Dill na wenzake walifunga vyombo vyao wakaenda kukaa kule Boulder City, muji wa wafanyakazi. Walipima jasho, damu, mukojo. Kwa chumba cha kulia kulikuwa tangazo la waganga la kuwaambia watu wanywe maji mengi. Neno lile lilikuwa la kweli, lakini nusu. Dill aliona kwamba wenye misuli ya kukazana walikuwa wamepoteza chumvi nyingi katika jasho, na maji matupu hayakuirudisha. Nyuma ya kazi yao tangazo liliongezwa neno: mutie chumvi nyingi katika chakula. John Talbott, munganga wa kundi lile, alikuta jambo lile lile kwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya Youngstown, kule Ohio.

Jambo la pili waliloona ni kwamba mutu aliyezoea joto, jasho lake lina chumvi kidogo kuliko la mugeni. Mwili unajifunza kushika chumvi. Inachukua karibu wiki moja mpaka mbili. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetoka likizo, ao aliyelala na malaria siku kumi, si mutu yule yule aliyeondoka. Kumurudisha siku ya kwanza kwa mizunguko kumi na miwili ni kumutendea kama wale waliofika Nevada na suruali moja na kutiwa kazini kesho yake.

Jambo la tatu, na hili Dill alilipenda sana hata kuliandika katika vitabu vyake, ni habari ya punda. Alitembea katika jangwa pamoja na punda. Punda akifika kwa maji, anakunywa mara moja karibu yote aliyopoteza, kiisha anainua kichwa. Mutu akifika, anakunywa kidogo, anasema basi, na bado mwili wake uko na upungufu. Kiu ya mutu mwenye kutoka jasho inachelewa. Basi yule anayejivuna «miye sikusikia kiu» hajatuonyesha kama ana nguvu. Ametuonyesha tu kwamba yeye si punda, na katika jambo hili ni hasara kwake.

Wengine watauliza: na mutu akikunywa mingi kupita? Ni kweli, mutu anayejaza tumbo kwa maji matupu kwa saa nyingi anaweza kugonjwa, sababu chumvi ya damu inazimuka. Lakini vikombe viwili ao vitatu katikati ya mazoezi ni mbali sana na hatari ile. Na chumvi? Kwetu hakuna haja ya vidonge. Maharagi na sombe yenye chumvi, kama mama wa jikoni anavyopika siku nyingi, inatosha kwa mutu anayekula sahani yake yote.

Mwaka 1935 walienda mbali zaidi, kwa milima ya Chile, Ancel Keys akiwa mwenye kupanga safari. Walitaka kujua mwili unafanya nini pahali hewa ni chache. Huko kwa mulima Aucanquilcha kulikuwa watu wenye kuchimba kiberiti. Walikaa na familia zao kwa kimo cha mita karibu 5.300. Sisi wa Kivu tunaona Karisimbi kuwa juu, nayo ni mita 4.507, hata kilele cha Ruwenzori ni mita 5.109 tu. Watu wale walilala juu ya Ruwenzori! Na kila asubuhi walipanda tena kwa miguu mpaka shimo la mita 5.800 hivi, wakachimba, wakashuka. Kampani iliwajengea nyumba juu karibu na shimo. Wakakataa kukaa huko: hamu ya chakula iliisha, usingizi haukukuja, walikonda. Bila chombo chochote wachimbaji walikuwa wamevumbua mupaka wa kimo ambapo mutu anaweza kuishi siku zote, na maprofesa waliandika tu yale ambayo wachimbaji walijua tayari.

Hapa sisi wa darasa la sita tulibishana muda murefu. Kichwa cha somo hili ni «watu wa laboratwari». Ni nani? Dill ana jina. DeMar ana jina. Wachimbaji wa Chile, nani anawaita kwa majina? Tena mwaka 1939 Dill na Sid Robinson (huyu Robinson mwenyewe alikimbia mita 1.500 kwa Olimpiki ya 1928) walipeleka vyombo kule Benoit, katika Mississippi, wakapima wakulima weusi na weupe wenye kulima pamba katika mashamba ya wenye inchi na kugawana mavuno, wakawalinganisha na weupe wa kaskazini. Wakulima weusi walivumilia kazi ya joto kuliko wale wa kaskazini. Wengi wakati ule walipenda kusema ni sababu ya ngozi. Lakini kama yale ya Nevada ni kweli, mutu aliyeshika jembe ndani ya jua toka utoto amefundisha mwili wake, na ngozi haihitajiwi kueleza mambo yote. Mumoja wetu alisema ni haya kwamba watu wale walitoa damu na jasho, lakini sifa ilibaki kwa wenye vyombo. Mwingine alisema bila wenye vyombo hakuna mutu angeamini wakulima. Hatukumaliza ubishi. Sisi wenye kuandika tunaegemea upande wa yule wa kwanza, ndiyo maana tumewatia hapa wachimbaji na wakulima katika mustari mumoja na maprofesa.

Laboratwari ilifungwa mwaka 1947. Henderson alikuwa amekufa mwaka 1942, vita ilikuwa imeisha, na wakubwa wa chuo hawakutaka tena kuitunza. Lakini ilikuwa imetoa maandiko zaidi ya 300, na watu wake walitawanyika kama mbegu: Robinson alienda Indiana, Keys alikuwa ameondoka mbele, 1936, kwenda Minnesota, na huko mwaka 1944 na 1945 aliongoza majaribio ya njaa juu ya vijana 36 waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya zamiri, wengi wao watu wa makanisa ya amani kama Mennonite na Quaker. Walikubali kukonda karibu robo ya uzito wao ili waganga wajue namna ya kulisha watu waliotoka katika njaa ya vita. Dill yeye aliendelea kujipima mpaka uzee. Mwaka 1962, akiwa na miaka 71, alipanda tena mulima wa California pamoja na wenzake wa safari ya Chile, kuona miaka 27 imewaharibu namna gani. Nyuma yake alirudi kukaa Boulder City, kule kule kwa joto, na alikufa mwaka 1986.

Tumemuacha Brouha, Mubelgiji, kwa mwisho, sababu kazi yake tunaweza kuifanya hapa bila franga hata moja. Wakati wa vita, jeshi lilitaka kupima vijana maelfu upesi, na ukanda wa motere hauwezi kubebwa kila pahali. Mwaka 1943 Brouha na wenzake walitoa njia hii: benchi tu, na saa yenye mushale wa sekunde.

Benchi iwe na kimo cha sentimeta 50 (wasichana walipewa fupi zaidi). Mutu anapanda na kushuka mara 30 kwa dakika moja, yaani kila sekunde mbili amepanda na kushuka: mguu wa kwanza juu, wa pili juu, anasimama wima, wa kwanza chini, wa pili chini. Mwenzake anapiga makofi ili asichelewe. Anaendelea dakika 5, ao anaacha akishindwa. Kiisha anakaa. Ikipita dakika moja kamili, wanahesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika. Ikifika dakika ya pili, tena nusu dakika. Ya tatu, vile vile. Sasa hesabu: sekunde alizopanda, mara 100, gawanya kwa mara mbili ya jumla ya mapigo yote matatu.

Mufano. Mwanafunzi amemaliza dakika 5, yaani sekunde 300. Mapigo: 80, 65, 55, jumla 200. Ni 30.000 kugawanya kwa 400 = 75. Mwingine ameacha kwa dakika 4, sekunde 240. Mapigo 90, 80, 70, jumla 240. Ni 24.000 kugawanya kwa 480 = 50. Chini ya 55 ni zaifu. 65 mpaka 79 ni ya katikati. 80 na zaidi ni nzuri. 90 na zaidi, mutu huyo apewe nafasi katika ekipe ya mbio.

Munaona akili ya jambo hili: haiulizi moyo unapiga namna gani wakati wa kazi, inauliza unarudi upesi namna gani. Tulijaribu sisi kwa sisi na benchi mbili za darasa la sita. Mwenye kufunga goli nyingi hakuwa wa kwanza. Aliyetupita wote ni yule mwenzetu mwembamba asiyecheza mupira, anayeteremuka na kupanda kilima kila siku akitoka kwao na kurudi. Kuna wachezaji wawili bado wamekasirika.

Tumemupa Bwana Prefe na mwalimu wa michezo maombi matatu, na mwalimu wa michezo, tunamushukuru, amekubali la kwanza tayari. Moja: bido mbili za maji yaliyochemshwa ziwekwe kando ya kiwanja kila siku ya mazoezi, na kila nusu saa watu wote wasimame na kunywa, hata wenye kusema hawana kiu. Mbili: wenye kutoka katika ugonjwa ao likizo waanze na nusu ya kazi kwa wiki moja. Tatu: mazoezi ya mbio yahamishwe toka saa nane mpaka saa kumi; hili lingali linazungumzwa, juu ya zamu ya jikoni.

Kupimwa kwa benchi kutaanza siku ya posho, saa mbili ya asubuhi, nyuma ya darasa la ine. Wenye ugonjwa wa damu wa SS, wenye shida ya moyo, ao wenye malaria wiki hii, wasijaribu. Waje kusaidia kuhesabu. Kila mutu ale kitu mbele ya kuja. Majina yaandikwe kwa kapita wa kila darasa mbele ya siku ya tano jioni, na mwenye saa ya mushale wa sekunde tunamuomba atuazime, kwani tuko na moja tu, na kioo chake kimepasuka.